Kicheko cha Kashasha na Ghamu za Wanafunzi

Katika mambo yaliyolipeleka jina la Buhaya, nchi ya Wahaya mkoani Kagera, Tanzania, mbali na mipaka yake, kahawa haikosi kutajwa, wala vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, wala kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Lakini katika vitabu vya wanazuoni wanaochungua nafsi na akili ya binadamu, jina linalorudiwa kuliko hayo yote ni la Kashasha, kijiji ambacho zamani kilihesabiwa katika wilaya ya Bukoba na leo kimo katika wilaya ya Muleba, na sababu ya kutajwa kwake ni kicheko. Habari hiyo imesimuliwa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi kwa namna ya mzaha, kwamba palikuwa na watu Afrika walioambukizana kucheka hata wakashindwa kujizuia, na msikilizaji naye hucheka kidogo, kisha mazungumzo yakahamia jambo jingine. Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni kuwasikiliza vijana walioelemewa, kadhia hiyo haina mzaha ndani yake. Yalikuwa maradhi ya wanafunzi, yenye sababu zake na mwendo wake, na mzazi au mwalimu wa leo akiyafahamu vizuri hatakuwa mgeni wa mambo yanayotokea katika bweni la shule yake au katika chumba cha mwanawe aliye chuoni.

Ukweli wa mambo uliandikwa na matabibu wawili, A. M. Rankin wa Chuo cha Makerere na P. J. Philip aliyekuwa tabibu wa serikali Bukoba, katika makala waliyoichapisha mwaka 1963. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya wasichana wa bweni huko Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka na kulia na kuhangaika pasipo sababu iliyoonekana. Wakafuata wenzao, mmoja baada ya mwingine, hata ilipofika tarehe 18 Machi, siku ambayo shule ilibidi ifungwe, wasichana 95 katika jumla ya 159 walikuwa wamekwisha kushikwa, wenye umri wa kati ya miaka 12 na 18. Ilhali katika walimu watano waliokuwa wakiwafundisha, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hakushikwa hata mmoja. Shule ikafunguliwa tena tarehe 21 Mei, na kabla ya mwezi Juni kwisha ikafungwa kwa mara ya pili, kwa kuwa wasichana wengine 57 walikuwa wameshikwa.

Lakini kuifunga shule maana yake ni kuwarudisha watoto makwao, na walipokwenda wao maradhi yalikwenda nao. Hazikupita siku kumi tangu kufungwa kule kwa kwanza, yakazuka Nshamba, walikotoka baadhi ya wasichana wale, na katika miezi ya Aprili na Mei watu 217 wa mji ule uliokuwa na wakazi wapatao 10,000 walishikwa, wengi wao vijana na watoto wa shule, wake kwa waume. Mwezi Juni ikawa zamu ya shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, kandokando ya mji wa Bukoba, ambako wasichana 48 katika 154 waliugua kwa muda wa siku chache tu na shule ikafungwa. Na msichana mmoja wa shule hiyo aliporejea kwao Kanyangereka, mwendo wa maili 20 hivi kutoka Bukoba, watu wa nyumba yake nao wakapatwa, kisha shule mbili za wavulana za jirani zikafungwa. Wasimulizi waliofuata hutaja shule 14 na watu wapatao 1,000 kwa jumla. Hakufa mtu hata mmoja. Wenyeji waliyaita maradhi hayo endwara y'okusheka, yaani maradhi ya kucheka, na wengine wakayaita akajanja.

Je, walikuwa wakicheka kweli? Hapa ndipo mzaha unapokatika, maana ukisoma waliyoyaandika matabibu utaona kuwa kicheko kilikuwa dalili moja tu katika kundi la dalili, tena si iliyo kubwa. Mgonjwa alishikwa ghafula, akacheka na kulia kwa zamu, kwa dakika chache au kwa saa kadhaa, akapumzika, kisha akashikwa tena, na hali hiyo iliweza kuendelea kwa siku kadhaa, na kwa baadhi yao hata siku 16. Alikuwa hatulii mahali pamoja, na akikamatwa kwa nguvu alipigana. Wapo waliosema kuwa wanaona hofu kubwa, kana kwamba kuna mtu anawafukuzia kwa nyuma, na wapo waliosema kuwa kuna vitu vinatembea ndani ya vichwa vyao. Katika makala yote ile ya kitaalamu, iliyojaa tarehe na hesabu, maneno hayo machache ndiyo pekee ambayo mtu anaweza kudhani anamsikia msichana mwenyewe akisema, na mimi huona yana thamani kuliko majedwali. Msichana anayesema kuwa anafukuzwa hana furaha inayomchekesha. Christian Hempelmann, mtaalamu wa elimu ya kicheko aliyeichambua upya kadhia hii mwaka 2007, naye alifika huko huko: hayakuwa maradhi ya kucheka, bali ya dhiki, na kicheko kilipata umaarufu kwa kuwa ndicho kilichowashangaza watu.

Matabibu walifanya yaliyowapasa. Waliwapima wagonjwa miili, wakapima damu na maji ya uti wa mgongo, wakachunguza chakula, kwa kuwa watu walikwisha kuushuku unga wa mahindi, na wengine walinong'ona kuwa hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa na mataifa makubwa siku zile. Homa haikuwapo. Sumu haikuonekana, wala kijidudu. Hatimaye wakatoa hukumu kuwa maradhi yalitokana na nafsi na kuenea kwa watu kuonana na kusikiana, na hukumu hiyo imesimama mpaka leo.

Neno hilo, kwamba maradhi yametokana na nafsi, hueleweka vibaya sana katika jamii yetu, hata na watu waliosoma, kwa maana mzazi akiambiwa hivyo hudhani ameambiwa kuwa mwanawe anajifanya. La hasha. Mtu anayejifanya hujua kuwa anajifanya na huweza kuacha atakapo. Huyu hajui na hawezi. Mwanadamu anapokabiliwa na hatari, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage katika damu homoni za adrenalini na kortisoli, moyo ukaenda mbio, pumzi zikawa fupi, misuli ikakaza, na yote hayo ni rehema kwa mtu anayemkimbia nyoka, maana baada ya kukimbia mwili hurudi katika utulivu wake. Lakini hofu ya mwanafunzi haina mahali pa kukimbilia: mtihani hauko porini, mwalimu mkali hapigwi teke, na fedheha ya kurudi nyumbani bila nafasi haina mlango wa nyuma. Basi mwili hukaa katika taharuki siku baada ya siku, na kama ulimi umefungwa na adabu, dhiki hutafuta njia kama moshi wa jikoni katika nyumba ya msonge, ambao hauulizi pa kutokea ila hupenya popote nyasi zilipolegea. Kwa mmoja hutokea kichwani, kwa mwingine tumboni, kwa wa tatu miguu hukataa kusimama, na kwa wengine ni kilio na kicheko pamoja.

Na kwa nini huenea? Kwa sababu ubongo wa binadamu umeumbwa kuigiza bila ya kukusudia. Mtu mmoja akipiga miayo katika baraza, wenzake watapiga. Mtoto mmoja akilia kliniki, wote watalia. Wasichana wanaolala vitanda vya ghorofa katika ukumbi mmoja, wanaokula sahani za aina moja, wanaoogopa watu wale wale na kuamshwa na kengele moja alfajiri, nafsi zao zimekaribiana kuliko tunavyodhani, na mmoja akivunjika, aliye karibu naye huona kwa macho yake namna ya kuvunjika. Aghalabu maradhi ya namna hii hufuata njia ya urafiki: huanza kwa msichana anayetazamwa na wenzake, yakaenda kwa mwandani wake, yakaenda kwa wanaolala jirani. Walimu wa Kashasha hawakushikwa, na Nshamba wenye elimu na madaraka walinusurika, si kwa kuwa walikuwa na damu nyingine, bali kwa kuwa wao walikuwa na ruhusa ya kusema, kukataa, kuondoka na kuamuru, mambo manne ambayo msichana wa miaka 13 hana hata moja.

Juu ya chanzo cha dhiki yenyewe wataalamu wamesema mengi. Benjamin Kagwa, tabibu wa akili wa Uganda, aliyeandika mwaka 1964 juu ya maradhi haya ya Bukoba pamoja na mengine ya kukimbia ovyo yaliyotokea Kigezi na Mbale, alitaja mgongano wa nafsi kati ya mila za wazee na mambo mapya yaliyokuja na shule. Wengine wametaja Uhuru, maana Tanganyika ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wiki saba tu kabla ya wasichana watatu kuanza kucheka, na watoto wa shule walitazamwa kuwa ndio watakaolijenga taifa. Sikatai kuwa matarajio yaliongezeka, ila naona maelezo hayo yanawapendeza zaidi wanahistoria kuliko yanavyomfaa mtu anayetaka kumsaidia mtoto. Msichana hashikwi na hamaniko kwa ajili ya katiba ya nchi. Hushikwa na mambo yaliyo karibu naye: kwamba nafasi za kuendelea baada ya darasa la nane zilikuwa chache mno, na za wasichana chache zaidi, kwamba akishindwa atarudi kuolewa, kwamba baba ameuza kahawa kulipa ada na wadogo zake wanajua, kwamba mama yuko mbali na usiku bwenini ni mrefu. Hayo yalikuwapo mwaka 1962, na mtu akibadilisha darasa la nane kuwa kidato cha nne, na kahawa kuwa mkopo wa kikundi cha mama, atakuwa ameeleza habari za mwaka huu.

Wala tusidhani kuwa mambo haya yamekwisha. Mwezi Oktoba 2023 wasichana zaidi ya 90 wa shule ya Eregi, Kakamega nchini Kenya, walishindwa kutembea sawasawa, miguu ikawatetemeka, shule ikafungwa, vipimo vikachukuliwa, na wakuu wa afya wakasema ni taharuki ya pamoja. Kwetu hapa hakuna mwalimu aliyefundisha shule ya bweni ya wasichana asiyejua habari za mapepo. Mambo huanza aghalabu jioni, karibu na mitihani au baada ya msiba wa mwanafunzi, taa zikiwa zimezimwa au zikikaribia kuzimwa: mmoja anapiga ukelele, anaanguka chini, anatupa miguu, wenzake wanamkamata kwa nguvu, wanne au watano, naye anazidi, wa kitanda cha pili anashika kifua na kusema hawezi kuvuta pumzi, matroni anakuja na kanga begani, akiita majina, na hapo mtu mmoja mwenye nia njema anapendekeza wote wakusanyike ukumbini kwa maombi, au kisomo, kwa sauti kubwa. Nusu saa baadaye walioanguka ni 20.

Sina ugomvi na maombi, na dini ni nguzo ya watoto wengi katika dhiki zao. Ugomvi wangu ni na kule kukusanyika. Kwa kuwa maradhi haya hupita katika macho na masikio, dawa yake ya kwanza ni kupunguza watazamaji: wale wasioshikwa watolewe kimya kimya mahali pengine wapewe kazi au chai, walioshikwa watengwe mmoja mmoja, si kwa adhabu bali kwa faragha, kila mmoja akae na mtu mzima mmoja mtulivu ambaye hamkamati, hamfokei, hamwulizi jina la jini lake, ila anazungumza naye kwa sauti ya chini na kumsaidia kuvuta pumzi polepole. Simu zizuiwe kupiga picha, maana siku hizi mwenye kuona si wa bweni lile tu, bali ni wa shule zote za mkoa kabla hakujakucha. Wengi hurejea katika hali yao kabla ya asubuhi. Kinachorefusha maradhi ni kelele za watu wazima, wanasiasa na waandishi wa habari wanaofika na magari, na kumtafuta mchawi. Na nimeona mara nyingi kuwa bibi mpishi au mlinzi mzee aliyesingiziwa uchawi ndiye anayebaki na jeraha wakati wasichana wote wamekwisha kupona.

Hata hivyo ni lazima niongeze hadhari moja, na watu wa Kagera wana sababu ya kuielewa kuliko wengine. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka katika wilaya ya Bukoba, na kata mojawapo iliyotajwa ilikuwa Kanyangereko, jina linalokaribiana sana na lile la Kanyangereka lililotajwa mwaka 1962. Ugonjwa huo ulikuwa na kirusi cha kweli na uliua watu. Kwa hiyo asiseme mtu kuwa ni nafsi tu kabla tabibu hajapima homa, hajauliza habari za kutapika na kuharisha, hajatazama chakula na maji. Pima kwanza, tena upesi na mara moja. Matokeo yakiwa safi, yatangazwe wazi kwa wazazi, kisha vipimo vikome, kwa kuwa kupima tena na tena humthibitishia mtoto kwamba kuna sumu ambayo wakubwa wanaificha.

Nimekaa sana katika maradhi yenye kelele, na sababu ni kwamba hayo ndiyo yanayoonekana. Yaliyo mengi hayapigi kelele. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 katika kila 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Maana yake ni kuwa katika darasa la wanafunzi 50 watakuwapo kama saba ambao hawatatajwa katika taarifa yoyote, kwa kuwa hawakuanguka. Sonona ya kijana haifanani daima na huzuni tunayoijua. Msichana hulalamika kichwa na tumbo, hupimwa malaria mara tatu kwa muhula. Mvulana huwa mkali, hujibu ovyo, hulala darasani, hunywa, huvuta bangi, na mwalimu huandika katika kitabu kuwa ni utovu wa nidhamu. Usingizi ukibadilika, chakula kisipendeze, mchezo alioupenda akaacha kuuendea, alama zikashuka ghafula, na hali hiyo ikadumu zaidi ya wiki mbili, hayo si ya kiboko.

Huko vyuoni mambo yana sura nyingine, kwa sababu pale hakuna kengele wala matroni, na uhuru ule ambao mwanafunzi aliutamani akiwa kidato cha sita humkuta peke yake. Fikiria kijana aliyetoka Kamachumu au Izigo, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, ambaye siku ya kuondoka alipanda basi la kwenda Dar es Salaam huku mtaa mzima umemchangia. Bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, likichelewa, hula mara moja kwa siku na kuwaambia wenzake kuwa amefunga. Likiingia, humtumia mama sehemu yake, kwa maana nyumbani wanaamini kuwa mwanachuo ni mwenye mshahara. Anajaribu kuongeza kilichobaki kwa kubeti, kinakwisha. Anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, halafu nyingine, halafu anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Na hapa huja jambo ambalo washauri wa vyuoni wanalijua vizuri: hamwambii mtu. Kila asubuhi anaoga, anavaa, anabeba begi, anaondoka kwenye chumba alichopanga, anakaa chini ya mti au maktaba mpaka jioni, anarudi. Akipigiwa simu na baba anasema masomo yanaendelea vizuri. Anaweza kuishi hivyo mwaka mzima, hata karibu na mahafali ambayo hayapo, na katika kipindi chote hicho hatari ya kujidhuru inakua naye.

Wahaya wanajulikana kwa kupenda elimu, na ni sifa ya haki, kwa kuwa tangu zamani za Ihungo na Nyakato na Kahororo, na za Rugambwa na Kashasha kwa wasichana, nyumba maskini zimejinyima ili mtoto asome. Lakini ipo gharama ambayo hatuiandiki katika hesabu za ada. Mtoto aliyefanywa kuwa tegemeo la ukoo hana pa kuweka kushindwa kwake. Mzazi anayempenda sana mwanawe na kumkumbusha kila jioni kuwa sisi tunakutegemea wewe, anadhani anamtia moyo.

Muleba hiyo hiyo, katika Nshamba ile ile iliyoshikwa na kicheko mwaka 1962, imeonyesha pia jinsi ghamu za vijana zinavyoweza kupokewa, na nastaajabu kuwa habari hii haijulikani hata nusu ya ile ya kicheko. Ukimwi ulioonekana Kagera mwaka 1983, kabla ya sehemu nyingine za Tanzania, ulipokwisha kuwachukua wazazi, mji ulibaki na yatima wengi waliolelewa na bibi zao, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa pale mpango wa Humuliza, kwa msaada wa Kurt Madörin wa shirika la terre des hommes la Uswisi. Misaada mingine ilikuja na madaftari na sare na unga. Mpango huu uliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa, mtoto anahisi nini, na ukawafundisha walimu na walezi namna ya kuzungumza na mtoto aliyefiwa, kwa sababu yatima aliyekaa kimya darasani alikuwa akichapwa kwa uzembe. Kisha vijana wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakichaguana viongozi, wakitembeleana, wakisaidiana kazi za shamba na za nyumba pale bibi alipougua, wakizikana. Kijana ambaye kwa miaka miwili alikuwa mtu wa kupewa, akawa mtu wa kutoa, na anayetegemewa na wenzake kwa jambo lililo ndani ya uwezo wake hupata nguvu ambayo mahubiri hayampi.

Wazo hilo, kwamba kijana husaidiwa vizuri na kijana mwenzake aliyefundishwa kidogo, limepata ushahidi nchini Kenya. Tom Osborn na wenziwe wa taasisi ya Shamiri waliwafundisha vijana waliomaliza sekondari, si matabibu, waendeshe vikao vinne vya vikundi katika shule, saa moja kila wiki, ambamo wanafunzi walizungumza juu ya uwezo wa mtu kukua na kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya yale wanayoyathamini maishani. Wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia vikao hivyo na wengine wakafundishwa mbinu za kusoma tu; na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa wale wa kwanza walipata nafuu zaidi. Kazi hiyo haikuhitaji jengo. Katika vikao hivyo neno la maradhi ya akili halikutajwa, jambo ambalo naliona la hekima, maana kijana wa kwetu atakwenda kwa furaha katika kikao cha kukuza tabia njema, na hatakwenda kamwe penye mlango ulioandikwa wagonjwa wa akili.

Shule zetu nyingi zina mwalimu wa malezi, lakini mara nyingi ni yule yule wa nidhamu, aliyeshika fimbo saa nne na anayetarajiwa kupokea siri saa kumi. Kazi hizo mbili zitenganishwe. Na kama walimu ni wachache, basi malezi apewe yeyote ambaye watoto wenyewe wamemchagua, awe mwalimu wa sayansi, mpishi au mtunza maktaba, apewe mafunzo ya siku chache na kiti mahali ambapo mtu akionekana ameketi hajulikani amekuja kwa lipi.

Na mzazi afanye nini? Akiona dalili nilizozitaja, asianze na kuuliza habari za masomo. Amwite faragha, wakiwa wanafanya kazi pamoja, wanamenya ndizi au wanapalilia, maana kijana husema zaidi asipotazamwa usoni, amwambie alichokiona bila kulaumu, kisha anyamaze muda mrefu kuliko anavyopenda. Ikiwa mtoto amesema kuwa amechoka na maisha, au amegawa vitu vyake, au ameanza kuaga, basi amwulize kwa maneno wazi, mwanangu, umefikiri kujiua? Swali hilo halimpandikizi wazo. Uchunguzi mwingi umethibitisha kuwa humtua mzigo. Sheria yetu ya kanuni ya adhabu ingali inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi huzifanya familia zifiche, lakini mahali pa kijana huyo ni hospitali, na asiachwe peke yake njiani wala usiku ule, na dawa za shambani na kamba viondolewe karibu naye. Aanzie kituo kilicho karibu, au Rubya, au Ndolage, au hospitali ya mkoa Bukoba, na ikibidi atapelekwa Bugando, Mwanza. Akipewa dawa za sonona, familia ifahamu kuwa dawa hizo huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, na kwamba wiki hizo za mwanzo ndizo za kumwangalia kwa karibu zaidi. Wengi huziacha siku ya kumi wakisema hazifai. Aendelee nazo, na aliyempeleka arudi naye siku waliyopangiwa.